Jino la ukubwani limeota nyuma ya la utoto au limekaa vibaya? Fuata hatua hizi kabla hujang'oa chochote

Nafanya kazi chumba cha meno na hakuna swali naulizwa na wazazi kama hili: mtoto ana miaka sita, jino la utoto limesimama imara halafu nyuma yake upande wa ulimi kuna jino lingine linachomoza, sasa lipi ling'olewe? Wa pili ni wazazi wa watoto wa miaka kumi na moja hivi, chonge, lile jino lenye ncha, imetokea juu kabisa kwenye fizi, mtoto kashaanza kuziba mdomo kwa mkono akicheka, na nyumbani kila mtu ana ushauri wake. Nimeona niandike yote hapa mara moja, ili ukisoma ujue cha kufanya leo usiku na cha kumwachia daktari.

Kuna jambo moja nalishikilia kuliko yote na nakuomba ulishike hata kama hutasoma mpaka mwisho. Jino la ukubwani HALING'OLEWI kwa sababu tu limekaa vibaya. Likishang'oka hakuna lingine linalokuja. La kuondoka ni la utoto, na hata hilo lina wakati wake.

Andaa hivi kwanza

- Umri kamili wa mtoto, mwaka na miezi. Chukua kadi ya kliniki usikisie, maana miezi sita kwenye meno ni tofauti kubwa.
- Tochi ya simu na kijiko cha chai cha chuma kilichooshwa, mgongo wake unasogezea shavu na ulimi.
- Sabuni na maji ya kunawa mikono, yako na ya mtoto.
- Gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali cha kufungia vidonda, au kitambaa safi cha pamba kilichopigwa pasi. Pamba ya kawaida inaacha nyuzi kwenye kidonda.
- Mswaki mdogo wenye nywele laini na dawa ya meno yenye floridi.
- Sehemu ya kuandika tarehe na kuweka picha, hata simu inatosha.

Uzi wa cherehani, koleo, wembe na tupa ya kucha viache vilipo, hapa havina kazi.

Ratiba kwa ufupi

Meno ya utoto ni 20, ya ukubwani yakikamilika ni 32. Miaka 6 mpaka 7 yanakuja mawili ya mbele chini pamoja na magego manne ya kwanza. Miaka 7 mpaka 8 mawili makubwa ya mbele juu na yale ya pembeni chini, miaka 8 mpaka 9 ya pembeni juu. Chonge za chini miaka 9 mpaka 10, za juu miaka 11 mpaka 12, na kati ya miaka 10 na 12 magego madogo yanachukua nafasi ya magego ya utoto. Magego ya pili miaka 12 mpaka 13. Mtoto akiwahi au akichelewa mwaka mmoja usishtuke, cha kuangalia zaidi ni mpangilio na pande mbili kwenda sawa. Kama jino la kulia limetoka na la kushoto lake limepitisha miezi sita halionekani, hapo kuna kitu, nenda.

Na lile gego la miaka sita nisisitize kidogo. Linaota nyuma kabisa ya magego yote ya utoto, haling'oki jino lolote kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi hawajui hata kama limetoka na wanadhani ni la utoto. Linaoza, linang'olewa mtoto akiwa na miaka tisa, mama anasema si litaota lingine. Haliotagi lingine. Hilo ni la maisha na ndo linaloshikilia mpangilio wa meno yote ya nyuma.

Hatua zenyewe

1. Jua lipi la utoto na lipi la ukubwani. Mkalishe mtoto chini ya mwanga, kichwa kiegemee mapajani kwako, mulika. La utoto ni dogo, jeupe sana, ncha yake imelika ikawa laini. La ukubwani ni pana, lina umanjano kidogo, na likiwa jipya ncha yake ina vinundu vitatu vidogo ukipitisha kidole unavisikia. Umanjano huo ni wa kawaida kabisa, usikazane kuupigia mswaki. Hesabu meno ya mbele na uyaandike.

2. Angalia limetokea wapi. Hapa ndo uamuzi wote ulipo kwa hiyo usiharakishe.

*Chini mbele, upande wa ulimi:* ndiyo inayotokea sana na ndiyo nyepesi kuliko zote. Meno ya mbele ya chini yanakua yakiwa nyuma ya yale ya utoto, kwa kawaida yanasogea mbele yakiyeyusha mzizi wa la utoto mpaka linalegea, lakini mara nyingine linapita pembeni mzizi unabaki na la utoto linaendelea kusimama. Huna haja ya kukimbia usiku. Nenda hatua ya 3.

*Juu mbele, limeota kwa ndani upande wa kaakaa:* hili usilisubirie. Mwambie mtoto aume meno pamoja utazame kwa pembeni, kama jino la juu linaingia nyuma ya meno ya chini basi limenaswa, na kila akitafuna linazidi kusukumwa ndani huku jino la chini linalopambana nalo fizi yake inashuka na mzizi unaanza kuonekana. Likiwahiwa linasogezwa kwa pleti ndogo ya kuvaa na kuvua yenye springi, kazi ambayo ikiachwa mpaka miaka kumi na tano inakuwa kubwa. Panga kwenda ndani ya wiki hizo hizo.

*Chonge iliyotoka juu kwenye fizi kwa nje:* nenda hatua ya 7. Usiguse.

*Meno mawili makubwa ya juu yana mwanya katikati na yamepanuka kwenda pembeni, mtoto ana miaka 7 mpaka 11:* mara nyingi ni kipindi tu, mwanya unapungua au kufunga chonge zikishuka. Na ukibaki mdogo, kwetu mwanya ni uzuri, mwache mtoto wa watu.

3. Tikisa la utoto. Nawa mikono, kamata jino la utoto (LA UTOTO, lile la mbele) kwa gozi, lisukume taratibu mbele na nyuma. Kama linacheza hata kidogo, kazi ni ya mtoto mwenyewe: alisukume kwa ulimi na kidole kilichonawiwa kila siku, mpe karoti, mahindi ya kuchoma, vitu vya kung'ata kwa meno ya mbele. Watoto wengi wa siku hizi wanakula vitu laini vilivyokatwa vipande vidogo, meno ya mbele hayapati kazi. Kama halichezi kabisa piga picha, andika tarehe, nenda hatua ya 5.

4. Likishakuwa linaning'inia, unaweza kulitoa nyumbani. Kuning'inia maana yake linalala pande zote na mtoto mwenyewe anaweza kulizungusha, sio linacheza kidogo tu. Shika kwa gozi kavu, zungusha kidogo huku unavuta, sekunde mbili limetoka. Likigoma acha, jaribu baada ya siku mbili tatu. Ile ya kufunga uzi kwenye kitasa cha mlango na kubamiza inavunja jino na kuchana fizi, na mtoto anaondoka na woga wa meno anaobaki nao mpaka utu uzima. Baada ya hapo aume gozi iliyokunjwa dakika 15 mpaka 20 bila kufungua fungua kuchungulia, asisukutue kwa nguvu siku hiyo. Jino lenyewe mpe akalirushe juu ya bati kama kawaida.

Angalizo: kama mtoto ana sikoseli, ugonjwa wa moyo, au historia ya kutoka damu isiyokata, usitoe jino nyumbani hata linaloning'inia. Nenda hospitali na uwaambie mapema kabla hajakaa kwenye kiti, kwa sababu kuna maandalizi yanafanyika kabla.

5. Fuatilia kwa picha. Kila baada ya wiki mbili, mwanga ule ule, mdomo umefunguka vile vile. Ukiangalia kwa macho kila siku hutaona mabadiliko, ukiweka picha mbili pamoja unaona. Ikipita miezi miwili mpaka mitatu la ukubwani linazidi kupanda na la utoto halijalegea, mpeleke likatolewe kwa ganzi. Ni kazi ya dakika chache. Likishatoka, ulimi wenyewe ndo unaosukuma la ukubwani kwenda mbele, pole pole kwa miezi, ilimradi kuna nafasi.

Katika kipindi hicho cha safu mbili chakula kinaganda katikati, ugali na biskuti hasa. Geuza mswaki usimame wima, ingiza ncha yake nyuma ya meno ya mbele upige kwa kuvuta juu. Dawa ya meno kiasi cha punje moja ya njegere, ateme asisukutue sana. Na mpigie wewe, mtoto wa miaka sita hawezi kufika huko nyuma mwenyewe hata akikwambia amemaliza.

6. Kama kuna gego la utoto lililong'olewa mapema, uliza habari ya nafasi. Hii ndo chanzo kimoja kikubwa cha meno kupandana na hakizungumzwi. Gego la utoto likitoka kwa kuoza mtoto akiwa na miaka sita au saba, jino linalokuja pale litafika miaka 10 mpaka 12. Miaka yote hiyo gego la miaka sita linateleza kuja mbele na kula nafasi, jino la watu likifika linakuta mlango umefungwa, linatokea shavuni au kwenye ulimi. Kuna kifaa kidogo cha chuma kinachofungwa kushikilia nafasi mpaka jino lifike, ukimpeleka mtoto kung'oa gego uliza pale pale kama anahitaji. Na kama gego la utoto linaweza kuzibwa, zibisha, acha kusema la utoto litatoka tu.

7. Miaka 10, tafuta chonge za juu kwa kidole. Hili watu wengi hawalijui kabisa. Nawa mkono, inua mdomo wa juu wa mtoto, weka kidole cha shahada juu kwenye fizi kwa nje, pembeni ya jino la pili kutoka katikati, panda juu mpaka inapokunja mdomo. Unatakiwa usikie nundu gumu, kulia na kushoto. Hiyo ndo chonge inashuka. Ukiisikia upande mmoja tu, au kafika 11 husikii kokote, mpeleke akapigwe eksirei. Chonge ya juu ndilo jino linaloongoza kupotea njia ukiacha magego ya mwisho, inalala kwenye kaakaa na inaweza kula mzizi wa jino la jirani kimya kimya bila maumivu yoyote. Ikigunduliwa kwenye miaka 10 mpaka 13, mara nyingi daktari anatoa tu chonge ya utoto na ile iliyopotea inarudi njiani yenyewe. Ukisubiri miaka kumi na sita unazungumzia upasuaji na waya wa kuivuta.

Kama imeshatokea juu kwenye fizi kwa nje inaonekana, ni dalili nafasi haitoshi. Inaudhi kwenye picha najua, watoto wanataniana shuleni, lakini chonge ina mzizi mrefu kuliko jino lolote mdomoni na ndo nguzo ya pembe ya mdomo. Watu wanaingia wanasema "nitolee hili lililozidi", wakati halijazidi, limekosa pa kukaa. Ukilitoa leo, baadaye ukitaka kufunga waya wa kunyoosha meno mpangilio unakuwa umeharibika. Kama kuna jino la kutolewa kupata nafasi, mara nyingi linakuwa gego dogo la kwanza, na anayeamua hilo ni daktari bingwa wa kupanga meno akiwa na eksirei na vipimo mkononi, sio mimi na sio jirani.

8. Ukienda, nenda sehemu sahihi na maswali mkononi. Kutoa jino la utoto lililogoma, kituo cha afya chenye tabibu wa meno au hospitali ya wilaya wanatosha kabisa. Mambo ya chonge iliyopotea, jino la juu lililonaswa, meno yaliyopandana sana, omba rufaa kwa bingwa wa kupanga meno. Dar kuna hospitali ya Muhimbili na chuo kikuu cha MUHAS kinachofundisha udaktari wa meno, Nairobi kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kampala kuna hospitali ya Mulago. Uliza hivi: hili unalotaka kutoa ni la utoto au la ukubwani? Kuna jino chini yake kwenye eksirei? Nikisubiri miezi sita kitaharibika nini? Anayeijua kazi yake hatachukia maswali hayo. Na bima piga simu uulize kabla, kung'oa na waya ni mafungu tofauti.

9. Waya. Wengi wanafungwa meno ya ukubwani yakishatoka karibu yote, miaka 11 mpaka 14, na kazi inachukua mwaka mmoja na nusu mpaka miaka miwili na zaidi, kukaza kila baada ya wiki nne mpaka nane. Umri mkubwa sio kikwazo, mtu wa miaka arobaini anafungwa vizuri kama fizi na mfupa ni vizima. Kitu kinachoangusha watu ni baada ya kufungua: unapewa riteina, kifaa cha kushikilia meno yalipofika, usipoivaa meno yanarudi, na yanarudi haraka kuliko yalivyokuja.

Makosa ninayoyaona kila mara

Mpira wa kufungia nywele au wa kufungia noti kuziba mwanya. Huu naomba uusome mara mbili. Ule mpira unateleza unapanda juu chini ya fizi, hauonekani tena, mtu anadhani umedondoka, kumbe unaendelea kula mfupa kuzunguka mzizi. Meno mawili ya mbele mazima yanalegea na yanaweza kutoka. Waya za urembo zinazouzwa mtandaoni za kujibandika mwenyewe nazo zina hatari yake, zikae mbali na mtoto.

Kusaga jino kwa tupa ili lilingane na mwenzake. Ile ngozi ngumu ya jino ikiisha hairudi, na vile vinundu vitatu vinalika vyenyewe kwa kutafuna.

Kubonyeza jino kwa kidole asubuhi na jioni. Jino linasogezwa na nguvu ndogo inayokaa masaa mengi mfululizo, kidole cha dakika mbili kinaumiza fizi tu. Kwa sababu hiyo hiyo kunyonya kidole gumba ni tatizo kweli, mana'ke kinakaa mdomoni usiku kucha. Jitahidi mtoto aache kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajaanza kutoka.

Kutoa chonge za utoto ili meno ya mbele "yapate hewa". Yatanyooka kwa muda, halafu chonge za ukubwani zikija zinakosa nafasi kabisa.

Halafu kuna "meno ya plastiki", wengine wanaita meno ya nailoni, Uganda wanaita ebinyo. Mtoto mchanga anaharisha ana homa, mtu anamchimbua fizi kwa kitu chenye ncha anatoa kijeupe anasema ndo ugonjwa. Kile kijeupe ni jino changa la utoto, mara nyingi chonge, na chonge ya ukubwani imelala pale pale jirani inaumizwa nayo. Watoto hao wakifika miaka kumi na mbili tunakuta chonge haipo, imepinda, au imeota sehemu ya ajabu. Na hao ndo waliopona, wengine wanaondoka kwa damu na maambukizi. Mtoto anayeharisha anataka ORS na kituo cha afya.

Ukikwama

*La utoto limevunjika kikabaki kipande ndani.* Usichokonoe. Aume gozi, kisha mpeleke. Kipande kidogo mara nyingi daktari anakiacha kiyeyuke, kuchimba kunaweza kuumiza jino lililo chini.

*Damu haikati baada ya gozi.* Kunja gozi mpya ilowe maji kidogo, aume tena dakika 20 akiwa amekaa, sio amelala. Ikiendelea kutiririka, hospitali. Maumivu mpe parasetamoli kwa uzito wake, aspirini usimpe mtoto.

*La utoto limetoka na la ukubwani halijasogea mbele.* Mpe miezi mitatu minne ukilinganisha picha. Kama limeanza kusogea liache. Kama limekaa limegeuka ubavu, hana nafasi, andikisha miadi bila haraka.

*Katikati ya meno mawili ya juu kumetoka kijino kidogo chenye ncha.* Hilo ni jino la ziada kweli, nalo ndo mojawapo ya machache yanayong'olewa, ila kwa eksirei kwanza.

*Gego la utoto linaonekana limezama chini ya wenzake.* Limeng'ang'ania mfupa. Wapeleke waliangalie, jirani zake wasije wakalilalia.

*Limetoka pazuri ila lina madoa ya kahawia.* Kwa watoto wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine yenye maji ya floridi nyingi hiyo mara nyingi ni alama ya floridi, haihusiani na mpangilio. Mtoto mdogo mtafutie maji ya mvua au ya chanzo chenye floridi ndogo kabla meno ya ukubwani hayajamaliza kuumbwa, na maharage yapikwe bila magadi.

*Uvimbe wa shavu, homa, au usaha kwenye fizi karibu na jino linaloota.* Hapo mambo ya nafasi yaweke pembeni, mpeleke siku hiyo hiyo. Na kama uvimbe unapanda jichoni au unashuka shingoni, au hawezi kufungua mdomo au kumeza, usisubiri asubuhi.